Masomo ya Kiangazi Ng'ambo: Mwongozo Kamili wa Kujiandaa kwa Anayetaka Kuona Zaidi ya Vivutio

Mwanafunzi anafika ugenini kwa kozi ya wiki nne. Wiki ya kwanza inaliwa na uchovu wa safari na kuhangaikia laini ya simu. Ya pili anapiga picha mnara, daraja na jumba la makumbusho. Ya tatu ndipo anapogundua kwamba hatua chache kutoka bwenini kuna hifadhi ya nyaraka inayogusa somo lake hasa, ila kadi ya msomaji inadai uthibitisho wa anwani ambao ameuacha nyumbani. Ya nne ni mitihani, kisha uwanja wa ndege.

Kosa hili hurudiwa kila mwaka, na chanzo chake si uvivu. Vivutio vya watalii havidai maandalizi: unafika, unalipa, unaingia. Kwingine kote mlango una masharti yake, iwe barua, miadi, kitambulisho cha aina fulani au siku moja tu ya juma. Masharti hayo hutimizwa ukiwa bado nyumbani. Ndiyo maana hatua zilizo hapa chini zimepangwa kwa kufuata kinachochelewa zaidi, si kinachofurahisha zaidi.

Neno moja kuhusu majira: kiangazi cha kaskazini ni Juni hadi Agosti, cha kusini ni Desemba hadi Februari. Kozi ya Julai huko Australia au New Zealand ni kozi ya majira ya baridi, hata kama tangazo lake limejaa picha za jua.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Pasipoti iliyobakiza angalau miezi 6 baada ya tarehe ya kurudi, yenye kurasa mbili tupu au zaidi.
- Barua ya udahili ya chuo mwenyeji inayotaja tarehe za kuanza na kumaliza, saa za darasa kwa wiki na idadi ya krediti.
- Barua ya utambulisho kutoka chuo chako, yenye mhuri na sahihi, nakala tatu.
- Uthibitisho wa anwani ya nyumbani: bili au taarifa ya benki ya karibuni yenye jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti. Hiki ndicho kinachosahauliwa kuliko vyote.
- Cheti cha bima ya safari kinachotaja kiwango cha fidia.
- Kadi mbili za benki, ikiwezekana za mitandao miwili tofauti.
- Simu isiyofungwa kwa kampuni moja ya mawasiliano.
- Picha ndogo za pasipoti, nne au zaidi.
- Madaftari mawili yenye jalada gumu yanayoingia mfukoni, na penseli. Sababu ya penseli iko katika hatua ya 5.

## Hatua ya 1 (wiki 20 hadi 12 kabla): Viza ilingane na kozi

Wengi huomba viza ya matembezi kwa kuwa kozi ni fupi. Ufupi peke yake hautoshi. Nchi nyingi hutazama unakwenda kufanya nini.

Marekani, kozi yenye krediti za kuhesabiwa kwenye shahada hudai viza ya mwanafunzi, kwa kawaida F-1, pamoja na fomu ya I-20 inayotolewa na chuo mwenyeji, hata kama ni ya wiki tano tu. Uingereza humruhusu mgeni wa kawaida kusoma hadi miezi 6 katika chuo kilichoidhinishwa. Canada haidai kibali cha masomo kwa kozi ya miezi 6 au pungufu, ingawa ruhusa ya kuingia nchini bado ni jambo la peke yake. Australia na New Zealand humruhusu mgeni kusoma hadi miezi 3.

Kwa nchi za Schengen (nchi za Ulaya zenye viza moja ya pamoja), ombi la viza ya muda mfupi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15 kabla. Jibu hutarajiwa ndani ya siku 15, lakini linaweza kufika siku 45. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita na ibaki hai miezi 3 baada ya kuondoka eneo hilo. Bima isipungue euro 30,000 na igharimie matibabu ya dharura na kurudishwa nyumbani.

Onyo. Kikomo cha Schengen ni siku 90 ndani ya siku 180 zozote, na siku ya kuingia na ya kutoka zote huhesabiwa. Anayeongeza wiki mbili za kuzurura baada ya kozi ndefu huvuka kikomo bila kujua.

Onyo la pili. Jina kwenye barua ya udahili lifanane na la pasipoti herufi kwa herufi. Jina la kati likiachwa upande mmoja, ombi linaweza kurudishwa, nawe umepoteza wiki.

Umefaulu ukiwa na ukurasa mmoja uliochapishwa unaotaja aina ya viza, tarehe ya miadi ubalozini na hati zote zinazodaiwa, kila moja ikiwa na alama ya "ipo" au tarehe itakayopatikana.

## Hatua ya 2 (wiki 12 kabla): Hesabu saa zako kwa ukweli

Hapa ndipo mipango mingi mizuri hufia, kwa sababu hakuna aliyekaa na kalamu.

Katika mfumo wa Ulaya wa ECTS, mwaka mzima wa masomo una krediti 60, na krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi, darasani na nje yake. Kozi ya krediti 6 basi ni saa 150 hadi 180. Ikibanwa ndani ya wiki nne, ni saa 38 hadi 45 kila wiki. Hiyo ni ajira ya kutwa. (Krediti za Uingereza zinahesabiwa tofauti: mbili za kwao ni sawa na moja ya ECTS. Usishtuke ukiona kozi ya 15.)

Ukitoa usingizi, kufua na kusafiri kwenda darasani, kinachobaki kwa ziara zako za kujifunza ni nusu siku mbili kwa wiki, tatu ukijitahidi. Kwa wiki nne unapata nusu siku nane hadi kumi na mbili. Ya kwanza itapotea kwa uchovu na ya mwisho kwa kufunga mizigo.

Kwa hiyo panga ziara sita. Orodha ya ishirini haimfanyi mtu aone zaidi. Humrudisha kwenye vivutio, kwani hivyo ndivyo vilivyo rahisi kufikiwa mtu akichoka.

Ukiwa na ratiba ya darasa mkononi, mwandikie mratibu wa kozi barua pepe umuulize mambo mawili tu: ni siku zipi hakuna kipindi mchana, na je, ziara za lazima za kozi tayari zinakwenda wapi. Si nadra mtu kulipia safari ambayo chuo kingempeleka.

## Hatua ya 3 (wiki 12 hadi 10 kabla): Andika swali moja

Hii ndiyo hatua iliyobeba safari nzima, nayo ndiyo inayorukwa zaidi. Mtu bila swali hana cha kumwandikia mhifadhi wa nyaraka, hana sababu ya kukaa mahakamani asubuhi nzima, wala hajui aulize nini akikutana na mtu anayeijua kazi yake.

"Nataka kujua utamaduni wa mji" si swali. "Mji huu una historia gani?" pia si swali, maana jibu lake liko kwenye kila kijitabu cha watalii.

Chukua mfano huu: *Mvua kubwa ikinyesha, maji ya mji huu huenda wapi, na nani anayelipia?* Swali la namna hii lina sifa tatu. Haliwezi kujibiwa bila kwenda mahali. Lina watu ambao kulijibu ndiyo kazi yao ya kila siku. Na kila mji una jibu lake.

Tazama linavyokupeleka kusikofika makundi ya watalii. London, linakufikisha Crossness, kituo cha kusukumia majitaka kilichofunguliwa mwaka 1865, chenye mitambo mikubwa ya mvuke. Paris, unashuka kwenye makumbusho ya mifereji ya majitaka, chini ya ardhi kweli. Uholanzi, unakutana na bodi za maji, vyombo vya utawala vinavyochaguliwa kwa kura na kutoza kodi yake. Japani, karibu na Tokyo, kuna handaki kubwa la kupitishia mafuriko huko Kasukabe lililokamilika mwaka 2006. Ziara zake hukatiwa nafasi mapema, na huahirishwa maji yanapoingia. Yaani hufungwa hasa siku ambayo kazi yake inaonekana, kwa hiyo jiwekee tarehe mbili.

Badala ya maji unaweza kuweka taka, mikate, makaburi, vibanda vya sokoni, tafsiri mahakamani au mabasi ya usiku. Lifungamanishe na somo unalokwenda kusoma: wa sheria aulize juu ya mahakama ndogo, wa lugha aulize ni lugha gani zimeandikwa kwenye matangazo ya zahanati.

### Jinsi ya kulijaribu swali

Liandike kwa maneno yasiyozidi 20. Kisha jiulize: je, naweza kutaja kazi tatu za watu wanaoweza kulijibu? Kwa maji ni mhandisi wa manispaa, mwenye duka lililowahi kufurika na mtunza kumbukumbu wa mji. Ukishindwa kutaja tatu, swali bado ni pana.

Onyo. Ukikusudia kuwahoji watu na kutumia majibu yao katika kazi ya chuo, uliza mapema kama unahitaji idhini ya kamati ya maadili ya utafiti. Kamati hizo hukutana kwa ratiba, na idhini yaweza kuchukua wiki kadhaa. Kuhoji kwanza na kuomba idhini baadaye huitia kazi doa lisilofutika.

Umefaulu ukimsomea swali mtu asiye wa fani yako naye akajibu kwa swali jingine, si kwa "vizuri sana".

## Hatua ya 4 (wiki 10 hadi 8 kabla): Ramani na kalenda ya kufungwa

Fungua ramani ya mji katika programu inayofanya kazi bila intaneti, kama Organic Maps au OsmAnd. Weka alama kwenye bweni, chuo, kisha mahali sita panapohusu swali lako. Pima muda wa kutoka bwenini hadi kila mahali kwa usafiri wa umma, si umbali kwa kilomita.

Sasa kalenda. Kiangazi cha Ulaya ni msimu wa watalii, lakini pia ni msimu ambao wenyeji hawapo, na anayefuata wenyeji hukuta milango imefungwa.

Bunge la Uingereza huenda mapumzikoni kuanzia mwishoni mwa Julai hadi mwanzoni mwa Septemba. Bunge la Ulaya halina kikao cha Strasbourg mwezi Agosti. Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu, The Hague, hupumzika kwa wiki tatu hivi katikati ya kiangazi. Paris maduka mengi madogo hufungwa Agosti, na Italia tarehe 15 Agosti ni sikukuu ya taifa. Ujerumani maduka mengi hayafunguliwi Jumapili. Louvre hufungwa Jumanne, Musée d'Orsay Jumatatu. Maktaba za vyuo nazo hupunguza saa wakati wa likizo.

Chora jedwali: mahali sita upande mmoja, siku saba juu, na uzibe visanduku vya siku zilizofungwa. Linganisha na nusu siku zako huru. Mara nyingi utaona kwamba mahali pawili haiwezekani kabisa. Afadhali kulijua hilo sasa.

Mji ukiwa mtupu mwezi Agosti, kaza macho kwa yale yasiyofungwa: masoko ya asubuhi, maktaba za mitaa, vituo vya mabasi, nyumba za ibada, mahakama za jinai. Old Bailey ya London, kwa mfano, ina nafasi za umma za kutazama kesi, ila simu na mabegi haviruhusiwi kuingia wala jengo halina mahali pa kuvitunza. Wasiojua hili hugeuzwa mlangoni. Nenda na kitambulisho na fedha kidogo tu.

Umefaulu ukiwa na ziara nne zisizogongana na darasa wala siku ya kufungwa, na mbili za akiba.

## Hatua ya 5 (wiki 8 hadi 6 kabla): Barua, kadi na miadi

### Barua ya utambulisho

Mwombe mkuu wa idara barua fupi katika karatasi yenye nembo ya chuo. Iseme jina lako na namba ya pasipoti, shahada unayosoma, swali lako, kipindi utakachokuwepo, na ombi la kukusaidia kufika kwenye makusanyo au majengo husika. Iwe katika lugha ya nchi mwenyeji au Kiingereza. Kumrahisishia kazi, mpelekee rasimu ambayo yeye atairekebisha na kuweka sahihi. Barua zinazosubiri kuandikwa na mkuu wa idara mwenyewe huchelewa.

### Barua pepe za kuomba miadi

Iwe na sentensi tano, si zaidi:

1. Wewe ni nani na unasoma wapi.
2. Swali lako, kwa maneno yale yale 20.
3. Kwa nini yeye, au ofisi yake, ndiye wa kulijibu. Taja ripoti, mtambo au mkusanyo mahususi.
4. Unachoomba: dakika 30, au kutazama jalada fulani.
5. Tarehe tatu unazoweza.

Kinachoangusha barua nyingi ni sentensi ya tatu na ya nne. "Ningependa kujifunza kutoka kwenu" humpa mpokeaji kazi ya kufikiri anaombwa nini, naye huiweka kando. Dakika 30 ni ombi la kukubalika, na akifurahi atakupa saa nzima mwenyewe.

Tuma barua nane ili upate miadi mitatu au minne. Usipojibiwa kwa siku 10 za kazi, kumbusha mara moja. Ukinyamaziwa tena, piga simu ofisini. Baada ya hapo achana nao.

### Kadi za wasomaji

Kila hifadhi ina taratibu zake, na hakuna mbili zinazofanana. Hifadhi ya Taifa ya Uingereza huko Kew hudai kadi ya msomaji kwa anayetaka kushika nyaraka asilia, na kadi hiyo hutolewa kwa uthibitisho wa utambulisho pamoja na uthibitisho wa anwani. Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, jengo la François-Mitterrand, ina ngazi mbili: ya juu iko wazi kwa umma, ya chini ni ya watafiti na hudai ueleze kazi yako kwanza. Kwa mwanafunzi wa wiki nne, ya juu mara nyingi inatosha. Usipoteze asubuhi ukidai ya chini kwa ajili ya sifa.

Mambo matatu hulingana karibu kote. Kalamu za wino haziruhusiwi, ndiyo sababu ya zile penseli. Mabegi huachwa kwenye makabati. Na majalada huagizwa kwa namba yake, siyo kwa mada, kwa hiyo tafuta namba hizo kwenye katalogi ya mtandaoni ukiwa nyumbani na uziandike daftarini. Anayefika bila namba hutumia siku nzima ya kwanza kwenye kompyuta ya katalogi, kazi ambayo angeifanya kitandani kwake.

Umefaulu ukiwa na angalau miadi miwili iliyothibitishwa kwa maandishi, namba za majalada matano, na orodha ya kitambulisho kinachodaiwa kila mlango.

## Hatua ya 6 (wiki 8 hadi siku ya safari): Lugha ya kazi yako

Hata kozi ikifundishwa kwa Kiingereza, mlinzi wa lango na muuza soko si lazima wakijue. Misemo ya watalii ("choo kiko wapi?") inapatikana popote. Unachohitaji ni sentensi 40 za kazi yako: "Nina miadi na fulani saa nne", "Naruhusiwa kupiga picha ya hiki?", "Tafadhali rudia polepole", "Neno hilo linaandikwaje?", "Nani mwingine anaweza kunieleza?" Ongeza majina 30 ya vitu vinavyohusu swali lako.

Sentensi tano kwa siku, kwa sauti, kwa siku nane, zatosha kuzijua. Siku zinazobaki ni za kusikiliza redio ya huko dakika 15 kila siku. Lengo si kuelewa, bali sikio lizoee kasi. Jifunze pia namba na saa kwa kusikia, kwani miadi mingi hukosewa hapo.

## Hatua ya 7 (wiki 8 hadi 4 kabla): Afya na dawa

Chanjo ya homa ya manjano hukubalika mpakani kuanzia siku ya 10 baada ya kuchomwa, na tangu Julai 2016 cheti chake ni cha maisha. Usikubali kuambiwa kimeisha muda.

Dawa za kila siku zibebe katika vifungashio vyake vya asili, za siku zote za safari na wiki moja ya ziada, pamoja na barua ya daktari inayotaja jina la kikemikali, si la kibiashara. Chunguza sheria ya nchi hata kwa dawa za kawaida: Japani hupiga marufuku dawa za amfetamini hata zikiwa na cheti cha daktari, na baadhi ya dawa za mafua zenye pseudoefedrini huzuiwa. Falme za Kiarabu hudai idhini kwa dawa zenye kodeini.

Zote ziwe kwenye begi la mkononi. Begi kubwa likipotea, sindano ya insulini haisubiri.

## Hatua ya 8 (wiki 4 kabla): Simu na pesa

Tatizo kubwa hapa si bei bali namba za siri za mara moja. Benki hutuma namba kwa ujumbe mfupi kwenye laini ya nyumbani. Wewe umeshaitoa laini hiyo na kuweka ya ugenini, kwa hiyo kadi inakataa, barua pepe inakufungia nje, na chuo kinadai uthibitishe akaunti yako kwa namba ile ile.

Tibu hivi. Kwanza, kwenye kila akaunti inayoruhusu, hamisha uthibitisho kutoka ujumbe mfupi kwenda programu ya uthibitishaji. Pili, chapisha misimbo ya akiba na uiweke mbali na simu. Tatu, simu yako ikikubali eSIM (laini ya ndani ya simu isiyo na kadi), acha kadi ya nyumbani mahali pake na utumie eSIM kwa intaneti ya ugenini. Kumbuka kuzima data kwenye laini ya nyumbani. Nne, ijaribu simu ukiwa nyumbani kwa laini ya kampuni nyingine. Ikikataa, imefungwa, na kuifungua huweza kuchukua siku kadhaa.

Kuhusu pesa, iarifu benki nchi na tarehe. Kadi moja ikae mfukoni, nyingine bwenini. Mashine ya kulipia au ya kutolea pesa ikikuuliza kama ulipe kwa sarafu ya nyumbani au ya hapo, chagua ya hapo. Ukichagua ya nyumbani, mwenye mashine ndiye anayepanga kiwango cha kubadilishia, na hajipunji.

Umefaulu ukiweza kuingia kwenye barua pepe, benki na akaunti ya chuo simu ikiwa katika hali ya ndege na intaneti ya Wi-Fi pekee.

## Hatua ya 9 (wiki 1 kabla): Begi

Kanuni moja: uweze kulipandisha ngazi za ghorofa tatu peke yako bila kupumzika. Mabweni ya zamani mengi hayana lifti.

Pawa benki ni ya begi la mkononi tu, na isiyozidi saa-wati 100 haihitaji idhini ya shirika la ndege. Zidisha uwezo wake kwa volti 3.7, kisha gawa kwa 1,000: ya milliampea-saa 20,000 ni saa-wati 74. Vimiminika vya mkononi kwa kawaida visizidi mililita 100 kila chombo.

Adapta hubadilisha umbo la plagi, haibadilishi umeme. Ulaya hutumia volti 230, Marekani 120, Japani 100. Chaja ya simu iliyoandikwa "100–240" ni salama popote. Kikausha nywele cha volti 120 kitaungua Ulaya, kwa hiyo kiache.

Weka viatu vilivyokwisha kuvaliwa. Viatu vipya ni malengelenge ya siku ya pili. Na nguo moja ya heshima inayofunika mabega na magoti, kwa ajili ya ofisi na nyumba za ibada.

## Hatua ya 10: Saa 72 za kwanza

Siku ya 1. Fika bwenini, kula, kaa kwenye mwanga wa jua, usilale mchana zaidi ya dakika 30. Baadhi ya nchi hudai uandikishe makazi haraka: China, anayekaa nyumba ya mtu binafsi hutakiwa kujiandikisha polisi ndani ya saa 24. Hoteli humfanyia mgeni, mwenye nyumba huenda asikumbuke.

Siku ya 2. Kata tiketi ya usafiri, lakini soma masharti kwanza. Navigo ya wiki ya Paris huanza Jumatatu na kuisha Jumapili. Ukiinunua Alhamisi umelipia wiki nzima kwa siku nne tu, na kadi yenyewe hudai picha ndogo. Halafu tembea kwa miguu kutoka bwenini hadi chuoni kwa njia moja na kurudi kwa nyingine, simu ikiwa mfukoni. Hesabu maduka, makanisa, misikiti, shule, vituo vya basi, mabango na lugha zake. Andika.

Siku ya 3. Nenda mahali pa kwanza pa swali lako, kwa dakika 90 tu. Tazama dakika 30 bila kuandika, andika dakika 30, zungumza na mtu mmoja katika dakika 30 zilizobaki. Usimpige mtu picha bila ruhusa. Ujerumani, kwa mfano, kuchapisha picha ya mtu bila idhini yake ni kosa kisheria, na mtandao wa kijamii ni kuchapisha.

Jioni ile ile, kabla ya kulala, nakili maandishi ya daftarini kuwa kurasa mbili: ulichokiona, ulichoambiwa, usichokielewa. Vitenganishe vitatu hivyo. Ukingoja hadi wikiendi, ulichoambiwa na ulichodhani vitakuwa vimeshachanganyika.

Mtu akikuvunjia miadi, chukua ziara ya akiba siku hiyo hiyo na umwandikie kwa upole ukipendekeza tarehe mbili. Nyaraka ulizoagiza zikiwa hazipo, mwonyeshe msaidizi wa chumba cha kusomea swali lako, si namba ya jalada. Yeye anajua majalada ya jirani ambayo katalogi haiyaonyeshi. Mvua kubwa ikinyesha na swali lako likawa la maji, vaa viatu utoke.

Umefaulu ikiwa safu ya "usichokielewa" ya siku ya tatu ina angalau mambo matano, na mawili kati yake umeshayaandikia barua.